Mnyama Huyu ni wa Nani? Safari ya Nchi ya Wasaami

Jumamosi, Lavangen

Ukitoka Tromsø kwenda kusini, bahari haikuachi. Kila ukidhani umeipa kisogo, inachungulia tena kati ya milima miwili, imetulia, rangi ya bati. Dereva ni rafiki yangu, mzaliwa wa Uvira aliyeletwa Norwei akiwa kijana kutoka kambi ya Nyarugusu, na sasa anazijua barabara za kaskazini kuliko anavyoijua Kigoma. Yeye ana usukani, mimi nina maswali. Ninachofuata safari hii ni wanyama, na si wa kupiga picha: ni wale ambao Wasaami wanaopiga ngoma siku hizi wanasema wanasafiri nao.

Kwa asiyewajua, Wasaami ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini, pamoja na rasi ya Kola huko Urusi. Nchi yao wanaiita Sápmi. Mjuzi wao wa mambo ya roho aliitwa noaidi, na chombo chake kilikuwa ngoma. Wamisionari na mahakama waliishambulia dini hiyo, ngoma zikakusanywa na kuchomwa, na kwa vizazi vingi hakuna aliyethubutu kuipiga hadharani. Kuanzia miaka ya 1980 ngoma ikarudi. Imerudi na wanyama gani?

Lavangen ni wilaya ndogo ya pwani ambako mwaka 2010 lilianza tamasha la Isogaisa, linalowakusanya mashamani wa Kisaami na wageni wao kutoka nchi nyingine. Sisi hatukuja kwa tamasha. Tulialikwa kwenye darasa dogo la jioni, ndani ya hema la Kisaami lenye moto katikati. Mwalimu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye soksi za sufu zilizotoboka kidoleni. Ngoma yake ilikuwa ya ngozi ya reindia, yule mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa huku, na kijiti cha kupigia kilichongwa kwa pembe ya mnyama huyohuyo. Aliipasha ngozi motoni kwanza, akiigeuza polepole, akigonga kwa kucha na kusikiliza. Ilipolia alivyotaka, akatuambia tulale chali tufunike macho.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Tafuta shimo unalolijua duniani, liwe pango, kisima au mzizi wa mti. Shuka. Huko chini utakutana na mnyama. Akikujia zaidi ya mara moja, huyo ni wako. Mwulize unachotaka, na mpigo ukibadilika, rudi ulikopita.

Ngoma ikaanza, mpigo mmoja tu wa haraka usiobadilika, kwa karibu robo saa. Sikuona mnyama. Niliona giza, nikasikia tumbo la jirani yangu likinguruma. Rafiki yangu alisinzia mapema. Dereva ni dereva. Baada ya hapo kila mtu akasimulia. Muuguzi kutoka Oslo alikutana na mbwa mwitu. Mjerumani mmoja, tai. Mwenzake, mbwa mwitu. Mama wa hapohapo kijijini, dubu. Nikagundua kwamba hakuna aliyepewa panya, wala kuku.

Nisije nikaonekana nawacheka. Yule muuguzi alilia alipokuwa anasimulia, na machozi yake hayakuwa ya maigizo. Alisema amefanya kazi za usiku miaka mingi bila mtu wa kumlinda yeye, na huko chini kuna mnyama aliyemlalia miguuni. Mwalimu hakumfafanulia kitu. Alimpa maji.

Mtindo huu wa darasa una historia inayojulikana. Aliyeusuka ni Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekaa na watu wa msitu wa Amazon, kisha akaanzisha taasisi ya kufundisha wageni yale aliyoamini ni kiini cha ushamani wa dunia nzima: ngoma ya mpigo mmoja, safari ya chini, mnyama wa nguvu. Ailo Gaup, Msaami aliyezaliwa Finnmark mwaka 1944 na kulelewa kusini na walezi, alikwenda California kujifunza kwake, akarudi Norwei kufundisha mpaka alipofariki mwaka 2014. Mwaka 2012 serikali ya Norwei ikakitambua Chama cha Mashamani kuwa jumuiya ya dini, kinachoweza kufungisha ndoa na kuendesha mazishi. Kwa hiyo mnyama aliyemlalia muuguzi miguuni amepita California kabla ya kufika Lavangen. Hilo peke yake halimfanyi awe wa bandia. Lakini nilitaka kujua waliokuwepo kabla yake.

Jumapili, vivukoni

Njia ya kwenda Alta tuliikata kwa feri mbili, Svensby na Olderdalen. Kwenye feri niliandika yafuatayo, maana kwenye gari haiwezekani. Rafiki yangu anapenda kuongea.

Noaidi wa zamani, hasa wa upande wa kusini wa Sápmi, alikuwa na wasaidizi watatu wa umbo la mnyama: ndege, samaki au nyoka, na dume la reindia. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Ndege alimwongoza njia na kupeleka habari. Samaki au nyoka alimshusha kwa wafu, pale ambapo roho ya mgonjwa ilikuwa imeng'ang'aniwa na marehemu na lazima ikaombwe irudi. Dume la reindia lilikuwa la vita. Noaidi wawili wakigombana, madume yao ndiyo yaliyopigana, na la mmoja likijeruhiwa, mwenyewe aliugua nyumbani kwake. Wasaidizi hawa walikaa sáiva, ulimwengu uliofichika ndani ya milima mitakatifu na chini ya maziwa yasemekanayo kuwa na vitako viwili, kimoja chini ya kingine. Na jambo ambalo sikulisikia jana hata kidogo: walirithiwa ndani ya ukoo. Mtu hakwenda kujichagulia.

Tunayajua haya kwa njia ya aibu. Walioyaandika ni wamisionari wa karne ya 18, watu kama Thomas von Westen, waliokuja kuyazima. Von Westen alikusanya ngoma kwa makumi na kuzipeleka Copenhagen, na nyingi ziliteketea katika moto mkubwa wa mji huo mwaka 1728. Ngoma za zamani zilizobaki duniani kote ni kama 70 tu.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshaanza kufikiria ngoma ya kupunga pepo. Nami nilifikiria hivyohivyo. Ila kule kwetu pepo ndiye anayekuja, anampanda mtu kichwani, anasema kwa kinywa chake, anadai marashi na kitambaa chekundu. Noaidi yeye alitoka mwenyewe. Mwili ulibaki umelala kama maiti, na wanyama walikuwa chombo cha kusafiria.

Kwenye feri ya pili tulikaa meza moja na mama wa Lyngen, mzee, mwenye skafu ya maua. Alipojua tunakotoka aliuliza habari za mvua na mihogo, maana kanisa lao liliwahi kupeleka watu Afrika. Nilipotaja ngoma uso ukafunga. Huku ni nchi ya Walestadi, wafuasi wa mhubiri Lars Levi Læstadius wa karne ya 19, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kisaami. Kwao ngoma ni ya shetani, basi. Lakini mama huyohuyo, tulipokaribia gati, akatuambia bila kuulizwa kwamba baba yake aliweza kuzuia damu kwa kusoma maneno, hata mgonjwa akiwa mbali, na kwamba hospitali walikuwa wakimpigia simu. Maneno gani? Ya Mungu, alisema, na akachukua mkoba wake. Wasaami wa leo hawako kwenye safu moja kuhusu mambo haya. Wanaopiga ngoma ni wachache, wanaosomewa ni wengi, na wengine hawataki kusikia lolote kati ya hayo.

Jumatatu, Alta

Siku nzima mwambani. Ghuba hii inaitwa Jiepmaluokta, ghuba ya sili, na michoro yake iliwekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1985. Michoro mikongwe ina takriban miaka 7,000, mipya kama 2,000. Ilichongwa ukingoni mwa maji, na kwa kuwa ardhi ya huku imekuwa ikiinuka tangu barafu kuu iyeyuke, mikongwe sasa ndiyo iliyo juu zaidi kilimani. Unapanda ngazi za mbao unarudi nyuma karne kwa karne.

Hakuna awezaye kuwaita waliochonga Wasaami; jina hilo halikuwepo. Lakini wanyama ni walewale. Reindia wakiswagwa ndani ya uzio wa duara. Elki, kulungu mkubwa wa kaskazini. Samaki wakubwa, na nyangumi. Na dubu.

Nilikaa kwenye jiwe moja muda mrefu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama ninajisikia vizuri. Pale dubu yuko pangoni mwake, mviringo umemzunguka, na nje ya pango zinaanza nyayo, tundu dogodogo mbilimbili, zinazokata jiwe zima. Reindia na watu wamechongwa wakitembea kwa mlalo, kama mtu anavyotembea nchi. Nyayo za dubu zinapanda na kushuka, zikikatiza mistari ya wenzake wote. Watafiti wamependekeza kwamba mchongaji alimwona dubu kama mwenye ruhusa ya kupita ngazi zote za ulimwengu: anaingia ardhini vuli, anatoka majira ya kuchipua akiwa hai. Ukiweka kidole kwenye tundu moja (hairuhusiwi, niliweka kwa macho) unaweza kuhesabu mapigo ya jiwe juu ya jiwe.

Miaka elfu kadhaa baadaye, mwaka 1755, kasisi wa Uswidi Pehr Fjellström aliandika jinsi Wasaami walivyomwinda dubu. Ni maelezo marefu na yana heshima kuliko mengi ya wakati wake. Dubu hakutajwa jina lake hovyo. Wawindaji waliporudi, wake zao waliwatazama kupitia pete ya shaba, na waliwatemea maji mekundu ya gome la mti uitwao alda lililotafunwa. Nyama ilipikwa na wanaume katika hema lao pekee. Haukuvunjwa mfupa hata mmoja. Baada ya karamu mifupa yote ilizikwa ikiwa imepangwa kama ilivyokuwa mwilini, ili dubu ainuke tena. Makaburi kama hayo yamefukuliwa Norwei na Uswidi, na mifupa ilikutwa imepangwa.

Na sherehe hiyo alifundisha nani? Hadithi anayoitoa Fjellström inasema ni msichana aliyewakimbia kaka zake waliomchukia, akajihifadhi pangoni mwa dubu, akawa mke wake. Dubu alipozeeka, yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuuawa, akaeleza namna atakavyouawa na kutunzwa. Mama wa Lavangen aliyemwona dubu gizani huenda anaijua hadithi hii tangu utotoni. Nilijuta kutomuuliza.

Jumanne, Máze na Kautokeino

Barabara ya E45 inapanda kutoka Alta kupitia korongo jembamba, kisha mlango unafunguka na uko juu ya uwanda: miti mifupi ya betula iliyokunjika, mabwawa, mbingu nyingi. Septemba majani yamegeuka manjano na mekundu. Reindia wanaanza kurudi kutoka malisho ya pwani kuelekea bara. Walikuwa barabarani. Rafiki yangu alizima injini, tukangoja. Dume moja lilipita karibu na kioo changu kiasi cha kuona ngozi laini ya pembe inavyochunika, inaning'inia vipandevipande vyekundu kama bendeji. Sikioni alikuwa na mikato. Kila mwenye mifugo ana mkato wake, umeandikishwa, na watu wa huku husoma masikio hayo toka mbali mnyama akiwa anakimbia.

Máze ni kijiji ambacho mpango wa kwanza wa bwawa la umeme la mto Alta ungekizamisha. Kijiji kiliokolewa, bwawa likajengwa mbele zaidi. Mwaka 1979 Wasaami vijana walipiga hema mbele ya bunge Oslo na kugoma kula. Januari 1981 mamia ya polisi waliwaondoa waandamanaji waliojifunga minyororo mlimani. Bwawa walishindwa kulizuia, lakini miaka minane baadaye Bunge la Wasaami lilifunguliwa Karasjok. Mashamani wengi wa kizazi cha kwanza walipita katika vuguvugu hilo. Ngoma ilirudi pamoja na bendera.

Tulikaribishwa kahawa na mfugaji, ndugu wa mtu anayefanya kazi na rafiki yangu. Alikuwa anatengeneza pikipiki ya magurudumu manne, mikono myeusi hadi kiwikoni. Nilikuwa nimeonywa nisimwulize ana reindia wangapi. Hilo ni swali la kuuliza mtu pesa zake za benki. Nikamwuliza kuhusu mbwa mwitu.

"Nani amekutuma?" alisema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaeleza kwamba huku hasara kubwa huletwa na linksi, yaani paka mkubwa wa mwituni, na tai, na yule mnyama mdogo mkali wa jamii ya nyegere ambaye Kinorwei huitwa jerv. Wote wanalindwa na sheria. Tai tangu 1968. Mfugaji analipwa fidia, lakini lazima aonyeshe kilichomuua mnyama, na mzoga juu ya uwanda huu haumngoji mkaguzi. Majira ya baridi siku hizi mvua inanyesha juu ya theluji, inaganda, na reindia wanashindwa kuchimba hadi kwenye malisho. Wakati huo, alisema, mnyama wa nguvu ni anayeweza kuleta gunia la chakula.

Nikamweleza darasa la Lavangen. Hakulidharau. Alisema binti ya dada yake ana ngoma, na hamzuii. Kisha akasema jambo nililoliandika kabla kahawa haijapoa: "Hao wote walikutana na mbwa mwitu. Walimwuliza alikula nini njiani?"

Baadaye, akifunga nati, alianza kuguna chini kwa chini, sauti isiyo na maneno, yenye mruko wa ajabu katikati. Rafiki yangu alisimama kusikiliza. Ilikuwa joiki ya mbwa mwitu. Joiki hukamata mwendo wa mnyama au mtu, namna anavyokanyaga, anavyogeuka, anavyotazama nyuma. Nikamwona, kwa kweli nikamwona, mnyama anayetembea kwa pembeni akiwa na njaa na hana haraka. Gizani Lavangen sikuona kitu. Gereji ya Máze, mchana kweupe, kwenye harufu ya petroli, nikaona.

Kozini swali lilikuwa mnyama wangu ni nani. Hapa swali la kwanza ni mnyama huyu ni wa nani, na ardhi anayoikanyaga ni ya nani. Nadhani noaidi wa zamani angeelewa upesi zaidi swali la pili, kwa sababu dume lake la vita lilikuwa na ukoo nyuma yake kama walivyo na wenyewe hawa wa barabarani.

Jumatano, Karasjok

Ngoma ya Anders Poulsen, noaidi wa karne ya 17, ipo kwenye makumbusho ya Wasaami hapa. Chumba kimefifizwa taa ili kuilinda. Ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Ngozi imekuwa rangi ya chai ya rangi, michoro ni mekundu inayoelekea hudhurungi, imepangwa safu tano, na imechorwa kwa maji yaleyale ya gome la alda ambayo wawindaji wa dubu walitemewa. Rangi moja kwa ngoma na kwa dubu. Unaona watu, jua, kanisa, watu wakielekea kanisani. Poulsen alikuwa Mkristo pia, kwa namna yake.

Ngoma hii ilikamatwa mwaka 1691, ikapelekwa Denmark na kuishia katika mkusanyo wa kifalme, kisha makumbusho ya taifa. Mwaka 1979 ilirudi hapa kwa mkopo. Hebu fikiria: mali yako, unaazimwa. Umiliki ulihamishwa kwa Wasaami Januari 2022 tu, baada ya Bunge lao kudai kwa miaka mingi.

Haikupigwa tu kama ngoma ya safari. Ilikuwa pia ya kutazamia. Juu ya ngozi huwekwa pete ya shaba, ngoma inagongwa kwa nyundo ya pembe, pete inarukaruka na kutambaa kutoka picha hadi picha, na mjuzi anasoma ilikokwenda na ilikokataa kwenda. Ngoma iliyotengenezwa na reindia, inagongwa na reindia, ili kujua reindia wako wapi.

Nilimtumia shangazi yangu Tanga picha ya bango la nje, kwa kuwa ndani hairuhusiwi kupiga. Jibu lilikuja kwa sauti: "Mwanangu, usiiguse." Rafiki yangu alicheka hadi akaegemea ukuta. "Dada, huyo shangazi ni Mlestadi," alisema.

Alhamisi, mto Tana

Siku ya barabara. Mto unatembea kando yetu, Ufini ng'ambo. Huu ulikuwa miongoni mwa mito mikubwa ya samoni Ulaya, na mwaka 2021 uvuvi wa samoni wa Atlantiki ulisimamishwa kwa sababu wamepungua mno. Wakati huohuo samoni wa waridi, ambao Warusi waliwapandikiza upande wa Kola karne iliyopita, wanaingia kwa wingi kila mwaka wa pili. Mwenye duka la mafuta tulipojaza tangi alisema watoto wake wanasahau kufuma nyavu. Noaidi alisafiri kwa mgongo wa samaki. Sijui kama kuna mtu katika mto huu leo anayemwuliza samaki chochote.

Tukasimama pia mbele ya mahakama ya Tana. Hakuna cha kuona. Ni jengo la kawaida lenye maegesho. Lakini mwaka 2016 msanii Máret Ánne Sara alirundika hapa vichwa 200 vya reindia, bado vina damu, na juu yake bendera ya Norwei. Kaka yake, Jovsset Ánte, mfugaji kijana, alikuwa ameamriwa na serikali kupunguza kundi lake hadi 75, na alikuwa mahakamani kupinga. Mwaka uliofuata dada huyo alitundika pazia la mafuvu 400 mbele ya bunge Oslo. Mwezi huohuo wa Desemba Mahakama ya Juu ikaipa ushindi serikali. Pazia sasa liko Makumbusho ya Taifa, Oslo, watalii wanapiga picha nalo.

Sara hajiiti shamani na sitamwita mimi. Ila kama kuna mahali katika miaka hii ambapo wanyama wa Kisaami walipelekwa kusema na ulimwengu wa juu, ni katika maegesho haya.

Ijumaa, Mortensnes na Vadsø

Asubuhi Mortensnes, kwa Kisaami Ceavccageađgi, jiwe la mafuta ya samaki. Watu wamekaa katika kipande hiki cha ufuko kwa zaidi ya miaka 10,000. Jiwe lenyewe limesimama likiyatazama maji, mawe madogo yamelizunguka kwa duara ndani ya duara. Wavuvi walilipaka mafuta ya ini la samaki ili wapate. Sieidi, ndivyo mawe ya namna hii yanavyoitwa. Ya wafugaji yalipakwa mafuta ya reindia au kuwekewa pembe. Samaki alikuwa anakwenda pande zote mbili: kutoka baharini kuja kwa mtu, na mafuta yake kutoka kwa mtu kwenda kwa jiwe. Katika darasa la Lavangen tuliomba, sikumbuki kama tulitoa.

Upepo ulikuwa mkali, rafiki yangu alibaki garini.

Vadsø ndiko Poulsen alikoshtakiwa Februari 1692. Alikuwa mzee sana. Mahakama iliandika maelezo yake picha kwa picha, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa ngoma chache za zamani zilizoelezwa na mwenyewe kwa kinywa chake, ingawa kinywa hicho kilikuwa mbele ya watu waliotaka kumchoma. Katika safu ya kwanza kuna umbo alilosema ni reindia wa mwituni. Pete ikimchezea, aliyeuliza atapata mawindo. Isipomchezea, hapati, hata ahangaike vipi. Kabla hukumu haijatolewa, mtu mmoja asiye na akili timamu alimuua usingizini kwa shoka, akiwa kizuizini. Mwaka uliofuata, upande wa Uswidi, Lars Nilsson alichomwa moto huko Arjeplog, na ngoma yake pamoja naye.

Jioni tulikutana na yule mpwa wa mfugaji wa Máze, anayefanya kazi hapa mjini kwenye ofisi ya wilaya. Ngoma yake aliifunga ndani ya blanketi la mtoto. Hewa ya bahari inailegeza ngozi, alilalamika, inabidi aipashe kwenye jiko la umeme na majirani wanadhani anapika. Ngozi ni ya jike la reindia alilopewa na mjomba wake, lililokufa majira ya baridi ya barafu, na mikato ya sikio ameinakili kwenye ukingo wa ngoma kwa ndani, pale ambapo mgeni hawezi kuona. Alinionyesha kwa tochi ya simu. Hajawahi kwenda kozi yoyote. Kuna Wasaami, alisema, wanaomwona anachezea kaburi, na kuna walimu wa kozi wanaomwona hajafundishwa.

Nikamwuliza, basi mnyama anayesafiri naye ni yupi?

Akazima tochi. "Mjomba hakukuonya?" alisema. "Kuna mambo mawili huku hayaulizwi. Moja ni idadi." Kisha akatuuliza kama tumekula, kwa sababu yeye alikuwa na njaa, na nyama ilikuwepo, ya kundi la mjomba.